Wigi Limebaki Ngorongoro

Dada Neema,

Shikamoo. Saratani yangu ya damu, ile isiyopona, nayo inakusalimu. Imeingia hifadhini bila kulipa kiingilio, na baridi ya huku haiisumbui hata kidogo.

Wigi ulilonichagulia, ili watu wasijue, lilitulia vizuri tangu Karatu mpaka ukingoni mwa kreta. Hapo upepo ukalibeba moja kwa moja hadi bondeni. Nadhani sasa kuna fisi anayependeza kuliko sisi sote.

Bibi mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza shanga kando ya barabara akanitazama. Nikasubiri pole. Badala yake akaniwekea kiganja utosini, kama wazee wa huku wanavyowasalimia wadogo, kisha akakipapasa kichwa kizima. Chake pia kilikuwa kimenyolewa, kama vya wanawake wenzake wote pale.

"Nani amekunyoa vizuri hivi, mwanangu? Mimi binti yangu ananikatakata tu."

Nikamwambia si wembe, ni dawa ya hospitali. Akawaita wenzake waje waguse, halafu akauliza inauzwa wapi.

Nilicheka mpaka dereva akashuka garini kuangalia kama ndiyo nakata roho.

Dada, tangu nywele zidondoke mnakiogopa kichwa changu kama sufuria iliyotoka jikoni. Wabusu watoto, na mama mwambie nakula. Nikifika, pole zako ziweke kabatini pamoja na lile wigi la akiba, halafu unishike kichwa.

Mdogo wako,
Upendo