Kiti cha Wifi Elina

Jumapili, 7 Novemba 2021

Mechi leo, na Elina kama kawaida. Viti vyetu viwili vya kukunja, mahali petu karibu na kona. Zamani vilikuwa vitatu. Tangu mume wangu Osea afariki mwezi wa pili, huyu dada yake ndiye mtu pekee anayenigongea mlango: "Wifi, vaa viatu!" Tukifika anamtukana refa kwa niaba yangu, maana mimi naona aibu.

Mapumziko likatoka tangazo: fainali na timu ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, anayeingia ni mwenye kadi ya chanjo tu. Watu wakazomea. Elina kuliko wote! Mimi kadi ninayo tangu mwezi wa tisa, nimeificha kwenye Biblia. Hajui.

Jumatano, 10 Novemba

Mkutano wa kamati ya kombe. Mzee Nathanaeli, mwenyekiti, kasema wageni ndio wametoa sharti. Mmoja akauliza: sokoni na kwenye foleni ya mpakani tunabanana kila siku, mbona huko hakuna kadi? (Kweli, hata mimi nilitikisa kichwa.) Mwingine kasema mpira unachezwa kwenye upepo, ugonjwa utakaa wapi?

Halafu Elina akasimama. Mtaa huu corona haijaua mtu, mtutajie hata mmoja!

Na mdomo wangu huu — "Osea."

Sijui nini kilinisukuma. Msibani Elina ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, mbele ya mchungaji: alisumbuliwa na kifua. Ukoo mzima tulikubaliana hivyo. Mimi pia nimesema kifua miezi yote hii. Leo nimemfanya mwongo mbele ya mtaa mzima.

Sharti limepita, kwa tofauti ya mikono michache. Mlangoni Elina kaniambia, "Kwaheri, mama." Mama! Kama nauza nyanya.

Ijumaa, 12 Novemba

Hakuna aliyegonga.

Jumapili, 14 Novemba

Kanisani kakaa benchi la mbele. Nimeona kisogo chake ibada nzima. Nilimsubiri nje, kumbe katokea mlango wa kwaya.

Recho jirani ananiambia watu wanasema nimelipwa ili niseme vile. Nimelipwa na nani? Ningelipwa si ningebadilisha bati, linavuja juu ya kitanda!

Nimepika wali wa watu wawili, mazoea. Nikala mchana, nikala tena jioni. Nyumba haina sauti ila friji. Nimelia kidogo, nikaosha sufuria, nikalia tena. Nilitaka kusema jina la ugonjwa mara moja tu, mtu anisikie. Wamenisikia, na sasa hakuna anayeongea na mimi.

Jumamosi, 20 Novemba

Naandika hapa hapa uwanjani. Mapumziko, bila bila.

Mlinzi getini kasoma jina langu kwenye kadi kwa sauti kubwa, kama naitwa mahakamani. Ndani tupo wachache, tumetawanyika. Nimekuja na viti viwili, mjinga mimi. Mzambia mmoja kanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mayo," yaani hujambo, mama. Ndiye pekee leo.

Mtaa wote uko nje, juu ya malori yaliyoegeshwa kando ya uzio. Wamebanana huko, wanaimba. Kama corona ipo, basi iko juu ya lori inashangilia nao. Refa alipokosea nikasikia sauti ya Elina ikimtukana. Nikacheka peke yangu mpaka Mzambia akageuka.

Sasa hivi Elina kashuka, kaja kwenye uzio. Nikamsogelea. Hakunitazama.

"Kama ni corona, aliipatia hapa hapa."

Nikashika waya upande wangu.

"Na mimi ndiye niliyemleta. Alisema amechoka. Nikamwambia vaa viatu."

Kumbe ndicho alichobeba! Mimi nilidhani ana hasira ya wasifu. Nikamwambia, Elina, Osea angekuja tu, unamjua na mpira. Akasema nisianze. Eti nimeshasema ukweli mbele ya watu, nisiurudishe.

Halafu akauliza kile kiti cha pili cha nani. Nikasema chako. Hana kadi, kasema, na huko juu hakuna kukaa, watu wanasimama. Mlinzi naye kadakia: ukitoka hurudi, mama.

Kiti kimoja nimeshakikunja. Kingine nimekalia nimalize mstari huu, kisha natoka navyo kwake. Refa anapuliza kipindi cha pili. Elina hajarudi kwenye lori, bado ameshika waya. Anaita —

"Wifi, vaa —"

Kaweka mkono mdomoni.

Na kweli viatu nimevivua, kwa ajili ya matope. Kimoja kipo chini ya kiti. Kingine nakitafuta —