Mashine Isiyojua Kupisha

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari kasema moyo umechoka, tusihesabu miezi mingi. Sawa. Mwenye haraka haombi njia.

Tangu wiki jana napandisha kanda za mihadhara yangu ya miaka thelathini kwenye hifadhi ya chuo, kwa mtandao wa hapa kwa binti yangu. Kwa mwendo wa kawaida, miezi miwili. Kwa mwendo wangu — Alhamisi.

Mwendo wangu ni wizi. Hapa daftarini naweza kusema.

Kila mashine ina adabu: njia ikisongamana, furushi la data likapotea, inapunguza mwendo kwa nusu, kisha inapanda polepole. Ndivyo wote wanavyopata nafasi. Nimefundisha kanuni hiyo mpaka sauti ikakauka. Mashine yangu nimeitoa adabu. Ikipoteza furushi moja, inasukuma mawili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Binti kamwambia mumewe mpira anaoutazama kwenye TV ndio unaokula mtandao. Mkwe kamjibu: haya mke wangu, nazima. Kazima TV.

Nikanywa chai yangu, kama paka aliyetoka jikoni.

Mchana bado mtandao unakwama. Kazima na simu. Maskini — kila anapopisha, mashine yangu inajaza nafasi. Kanda zimefika asilimia sabini na moja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Si mara ya kwanza. Chuoni jengo zima tulikuwa na waya mmoja wa mtandao. Data zangu zilitangulia, za wenzangu zikangoja. Mwenzangu wa chumba cha pili, tuliyemwita Bwana Pole, aliamini panya anatafuna waya. Akatega mtego. Ukanasa kidole chake mwenyewe. Nilimfunga bandeji, nikamwambia panya wa siku hizi wajanja.

Nilicheka mwaka mzima. Uprofesa nikapata mimi. Yeye alistaafu bila, na kwenye hafla yangu alileta maua.

Hilo sikulicheka.

Jioni binti kaniambia mumewe ana usaili kesho saa nne, kwa video. Miezi saba hana kazi. Ule wa wiki jana picha yake iliganda, mdomo wazi, wakamwambia asante. "Mama, nafasi hii ikipotea sijui atainuka vipi."

Wiki jana. Nikahesabu siku kwa vidole. Nikaomba chai nyingine, sikuinywa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Saa tatu na nusu. Asilimia tisini na saba. Imebaki mihadhara ya mwisho — ile ya haki katika kugawana njia. Mtu akisimulia nitasema anatunga.

Adabu hairudi bila kukatisha, na nikikatisha sasa hifadhi inafuta yote na kuanza upya. Hifadhi hiyo niliisanifu mimi. Sikuweka pa kupumzikia, pa kusimama kisha kuendelea. Niliona ni ya wavivu. Kuanza upya kwa adabu, sina miezi.

Saa nne kasoro dakika tano. Asilimia tisini na nane.

Mlango unabishwa. Mkwe, shati jeupe, tai imekaa upande.

"Shikamoo mama. Samahani kukusumbua."

"Marahaba baba. Ingia."

"Nimezima kila kitu. Hata friji, nani ajue. Nilitaka kuuliza tu — nikiwasha video yangu, mtandao utakutosha wewe?"

Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kukatisha. Amesimama pale mlangoni, hasogei, ananingoja nimruhusu. "Washa baba," nasema, nabonyeza.