Chombo cha Dakika Tano

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo. Mimi nipo, ingawa kifua kimenigeuka na kizingiti cha mlango sasa nakiona mlima. Miaka tisa sijakuandikia. Uso wa kukuandikia sina, ila nina swali. Umeme unakatika kila siku, na dada yako anataka kuninunulia jenereta ya sola. Ameona moja dukani, ndogo kama sanduku la viatu, muuzaji anaapa itawasha mtaa mzima. Nimemwambia tusubiri wewe fundi useme. Tuchague ipi?

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Pole na kifua. Jenereta haichaguliwi kwa sura. Niandikie kila chombo kitakachochomekwa, wati zake, na saa kinazotumika kwa siku. Vyombo vyote, Baba, hata vya dakika tano. Wateja wangu wote nawauliza hivyohivyo.

Wako,
Fundi

27 Machi

Mwanangu,

Sijambo kidogo. Taa nne, wati tisa kila moja, jioni. Redio, wati ishirini. Mashine ya oksijeni, wati mia tatu na hamsini, saa zote. Ndiyo, sasa mpira uko puani mwangu, kama ulivyokuwa puani mwa mama yako. Umeme ukikatika, dada yako hunikimbiza zahanati.

Umetaka na chombo cha dakika tano. Ni pasi. Wati elfu moja na mia mbili.

Siku aliyofariki mama yako, umeme ulikuwa umekatika, na mashine yake ilitegemea inveta ya betri uliyotufungia. Uliniambia mwisho wake ni wati elfu moja. Mimi nilikuwa na mkutano wa walimu wastaafu na shati langu lilikuwa na mikunjo. Nikachomeka pasi. Mimi, niliyefundisha fizikia miaka thelathini! Inveta ikapiga mlio, ikazima. Nikachomoa pasi, nikabonyeza vitufe, ikagoma. Nilipoingia chumbani, mama yako alikuwa ameshatulia.

Pasi nikaificha kabatini ikiwa bado ya moto. Baba yako mdogo aliposema mbele ya waombolezaji, "Fundi gani huyu, anaunganisha nyaya kama anafunga kamba za viatu!", nilitazama miguu yangu. Siku ya tatu ukabeba sanduku lako la vifaa ukaondoka. Nilikuona dirishani, na sikukuita.

Baba yako

30 Aprili

Shikamoo Baba,

Mwezi mzima nimekaa na barua yako. Siku ile niliifungua inveta mezani, nikakagua waya mmoja mmoja, nisione kosa. Ulisimama pale ukinitazama. Ukaniletea chai.

Tangu hapo nakaza kila skrubu mara tatu. Wenzangu kazini wananiita Mara Tatu, nami nacheka nao.

Siwezi kusema yameisha. Lakini si mimi niliyehitaji kuambiwa kwanza. Waliosikia pale msibani ndio uwaambie, kwa mdomo wako. Jenereta nitakuchagulia, uwaambie usiwaambie.

Fundi

12 Mei

Mwanangu,

Jumapili niliwaita wote sebuleni. Nilivua mpira ili sauti itoke vizuri. Dada yako akawa anapiga kelele, "Baba, vaa kwanza!" Sikuvaa mpaka nilipomaliza.

Baba yako mdogo akasema, "Kaka, miaka tisa umeniacha namtukana mtoto wa watu bure." Akachukua kofia yake akaondoka. Hajarudi. Dada yako ananiletea uji kwa wakati, anauweka mezani na kutoka.

Nastahili. Wala sikuombi unisamehe upesi eti kwa kuwa siku zangu ni chache. Huko kungekuwa kukuonea mara ya pili.

Baba yako

21 Mei

Shikamoo Baba,

Baba mdogo amenipigia simu. Alilia.

Ile ndogo ya dukani mwambieni muuzaji abaki nayo. Nimechagua ya wati elfu mbili na mia tano, betri kubwa, paneli sita. Naileta mwenyewe Jumamosi na kuifunga kwa mikono yangu. Inabeba mashine yako na pasi kwa pamoja.

Shati langu la safari nalivaa na mikunjo yake. Nitalipiga pasi hapo nyumbani, wewe ukiwa kitandani unapumua, nikikusikia.

Mwanao