Ftu Tatu za Salim

Mpendwa baba Salim,

Mwanao sasa hivi kamtemea mate mtoto wa watu. Si mate hasa, unajua mwenyewe. Ni ile ftu, ftu, ftu yake, midomo mikavu, shingo kainyoosha. Bebi alikuwa kwenye kigari chake mlangoni mwa nasari, kofia ya manjano, mashavu yameumuka kama andazi. Salim kachungulia, katabasamu, kampa zote tatu. Mama wa bebi kapiga ukelele, kamfuta mwanawe uso mkavu mpaka ukawa mwekundu.

"Salim! Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Bebi mzuri, mama," kanijibu, wala hana wasiwasi.

Nami niko kwenye korido, nimekalia kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni. Nakuandikia nyuma ya karatasi aliyochorea. Mwalimu wake kaniambia nisubiri, mkuu ataniita. Kwenye kioo cha mlango namuona yule mama kaingia kwanza, mikono inaeleza. Mkuu anatikisa kichwa. Juzi juzi Salim alimfanyia hivi mtoto mwengine, nikaambiwa ikitokea tena nafasi yake atapewa mtoto mwengine, wanaongoja wengi. Akifukuzwa hapa, nani atakaa naye? Mama mdogo tunayekaa kwake na yeye anatoka alfajiri kwenda kazini. Kazi yangu ya kuwahudumia wazee itakwenda, na kile chumba cha huku Edmonton ninachokuwekea ukimaliza masomo nacho kitakwenda.

Akili imekimbilia huko kwako Thesaloniki, baba Salim.

Unaikumbuka siku tuliyofika kwako? Ile njia ya kupanda juu kwenye kuta za kale, wewe na sanduku kichwani kama mpagazi, mimi na Salim mgongoni bado hajaota jino. Nikageuka nyuma kuvuta pumzi, nikaiona bandari yote chini na meli zake, nikasema, "Kumbe barua zako hazikuwa na uongo." Ukacheka. Ukaninunulia ule mkate wao wa duara, ukaniambia, "Kula, mkate wa ufuta huu, ila wametoboa katikati."

Halafu Kiria Eleni, yule bibi wa Kigiriki mwenye nyumba wako, akatoka na aproni yake. Akamfunua Salim shuka, akamtazama, akamtemea. Ftu, ftu, ftu! Damu ilinipanda. "Mwambie bibi huyu ashike adabu yake!" Wewe ukasimama katikati yetu na Kigiriki chako cha mwaka mmoja, unamuuliza yeye, unanizuia mimi. Mara ukaanza kucheka mpaka vitabu vikakuanguka kwapani.

"Anamsifu," ukaniambia. "Kamuona mzuri, anaogopa jicho lake lisije likamdhuru."

Mwanangu mwenyewe siku ile alikuwa na doa la wanja kipajini, kwa jambo hilo hilo. Kiria Eleni akaligusa lile doa kwa kidole, akaniangalia, akaniitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Toka siku ile hakunipita ngazini bila ya kunitilia kitu mkononi.

Wewe ukisoma pale jikoni na miguu kwenye beseni la maji ya moto, udhamini wa mtu mmoja tunaula watatu, na Salim anatambaa chini anaitolea ftu kila anachokipenda. Mkate. Paka. Meli. Alijua ftu kabla hajajua kusema baba.

Juzi nilimuonesha picha yako. Akasema, "Mjomba." Sikutaka kukuandikia haya, lakini nishayaandika. Uso wako umemtoka, baba Salim, toka tulipokuacha huko na masomo yako. Iliyobaki ni hii ftu. Mama mdogo kaniambia, "Mchape mara moja tu, ataacha." Labda ataacha. Halafu atakuwa na nini cha kule?

Kiingereza cha kusema "samahani, nitamtia adabu" ninacho. Chepesi, kinatoka chenyewe. Cha kueleza yale mengine sina. Kule ulisimama wewe katikati. Hapa katikati hapana mtu, ni mimi na mkuu na meza yake.

Nakuaga mapema, maana wataniita wakati wowote. Usisome na njaa. Msalimie Kiria Eleni, mwambie mjukuu wake wa hiari hajasahau. Ukipasi mtihani usingoje kuandika, piga simu kwa mama mdogo, hata kama nimelala waniamshe. Ni mimi mkeo, mama Salim.

Karatasi ina nafasi kidogo bado. Yule mama katoka, kanipita hakunitazama, na bebi wake kalala, mzuri wallahi, nami mwenyewe ftu ilinifika mdomoni nikaimeza.

Mkuu kafungua mlango, kaniita. Salim keshafika mbele yake, anazitazama hereni zake zinavyong'aa, anaanza kutabasamu. Kaniita tena. Samahani sitaanza nayo. Nitaanza hivi: mama, huyu mwanangu akiona kitu kizuri huogopa kisije kikadhurika...