Kabureta ya Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko kazini, na kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mama anauliza kama unakula kweli au unajidanganya kwa chai.

Habari kubwa ya hapa ni pikipiki ya yule mwalimu mstaafu, ile kuukuu ya silinda mbili. Kabureta yake ya kushoto ilipasuka, na za aina hiyo hazitengenezwi tena. Baba akamwaga chini boksi zima la kabureta za zamani, akasema tutafute pacha wa ile ya kulia, maana silinda mbili zikinyonya tofauti injini itakohoa kama mzee wa sigara.

Unajua kazi yangu gereji ni moja tu: kusoma kile kitabu cha ufundi cha Kiingereza. Baba hushika spana, mimi husoma. Lakini tangu binti wa Shangazi aje kukaa nasi, yule tunayemwita Sikio, naona kama nimegeuka kiti. Nilikuwa bado napangusa masizi nisome namba zilizogongwa ubavuni, yeye akapitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta moja, akapima upana, akasema ni hii, Mjomba. Na kweli ilikuwa hiyo. Baba akacheka, akamwita “fundi mwenzangu”. Kaka, miaka mitatu namsomea, hajawahi kuniita hivyo.

Ikabaki jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli. Ya kulia namba yake ilishafutika, kwa hiyo Baba akaniuliza kitabu kinasema ngapi. Nikasoma, wakafunga. Mwalimu alipokuja na kofia yake mkononi, pikipiki iliwaka, ikapiga chafya, ikatema moshi mweusi upande wa kushoto mpaka shati lake jeupe likaingia madoa. Akasema kwa upole kwamba alidhani ameileta kwa mafundi. Baba aliona aibu sana. Alimgeukia Sikio, akasema hayo ndiyo matokeo ya kuchagua kabureta kama mtu anayechagua nyanya, na Jumamosi arudi kwao.

Kaka, haikuwa kabureta. Jedwali la jeti kitabuni lina mistari miwili, mmoja wa pikipiki ile na mwingine wa aina yake yenye injini kubwa zaidi. Niliweka kidole kwenye mstari wa pili, na nilijua. Nilitaka akosee mara moja tu, mbele ya watu.

Kuna baya zaidi. Jana asubuhi nilimkuta Sikio amefungua kitabu, analinganisha namba ya injini na jedwali. Alinitazama, akakifunga, akaenda kumwambia Baba samahani, alichagua vibaya. Na nilichosikia moyoni, Mungu anisamehe, kilikuwa wivu tena: hata kosa langu amelibeba vizuri kuliko ambavyo ningelibeba mimi.

Leo ni Alhamisi. Kusema mbele ya Baba siwezi, unanijua. Basi barua hii nitampa Baba mwenyewe aipeleke posta, na bahasha sitaifunga. Nitamwomba aisome kwanza.

Wasalimie unaoishi nao. Ikikufikia ina alama za vidole vya grisi, ujue imesomwa.

Mimi mdogo wako akupendaye.