Bokilo, Siku Ile ya Drapeau Nilikusikia

Bokilo yangu mupenzi, shemeji yangu,

Nilikukosea. Nasema hii mbele hata ya kukusalimia, juu najijua: nikianza na salamu nitauliza habari ya mvua, ya njia ya Bafwasende, ya magoti yako, na barua itaisha bila kufika kwa kosa. Nilikukosea mbele ya watu, donc pardon pia naiomba mbele ya watu. Njo maana nimepatia mutu ya radio karatasi hii aisome. Najua kule uko hakuna réseau ya simu. Lakini radio unayo, ile yako yenye imefungwa na kamba ya mpira.

Unakumbuka. Ilikuwa saa moja na nusu ya asubuhi, mbele ya sous-ciat yetu, polisi ndogo ya quartier. Mimi njo nilikuwa nimeshika kamba ya drapeau, bendera ya inchi yetu, na sifflet, firimbi yangu, kwa mdomo. Sheria unaijua: sifflet ya kwanza, kila mutu anasimama pale pale, sifflet ya pili, anaendelea na maisha yake. Nikapiga ya kwanza. Barabara yote ikakauka. Pikipiki zikazima. Hata mutu mwenye alikuwa anapiga muayo, alibaki na mdomo wazi.

Wewe ulikuwa unapita na velo yako ya toleka, baiskeli ya kubeba watu, mama moja amekaa nyuma na beseni ya samaki kwa magoti. Ukasimama kama wengine. Kisha ukaangalia juu.

Drapeau ile, dada yako mwenyewe, muke yangu, njo alikuwa ameifua. Aliifua vizuri. Kuifunga tena kwa kamba, nilifunga mimi, haraka haraka, juu chai yangu ilikuwa inapoa. Nyota ya inchi yetu inakaa juu, karibu na muti. Siku ile ilikuwa chini, inaning'inia kama popo.

Hakuna mutu alikuwa ameona. Upepo haikukuwa. Na chef yetu, unamujua, yeye haangalie drapeau, anaangalia watu, kuona nani atatikisika. Njo ukamwambia mama ya samaki, "Mama, shuka kidogo." Ukaegemeza velo. Ukatembea hatua sita mpaka kwangu, mukono kwa mdomo, ukasema polepole: "Bokilo, nyota iko chini. Geuza, mbele ya chef kuona."

Bokilo, nilikusikia.

Miezi yote hii nimesema sikusikia. Dada yako nilimwambia nilifikiri ni mulevi anakuja. Familia yenu pale kwa maporomoko ya mto niliwaambia kofia yako ilificha uso. Ni uongo. Nilikusikia vizuri, hata harufu ya beignet yenye ulikuwa umekula niliipata.

Lakini chef alikuwa anageuza kichwa. Nikaona njia mbili tu: ama ataangalia juu, ama atakuangalia wewe. Nikapiga sifflet mpaka mate ikatoka. "Weye! Unatembea wakati drapeau inapanda? Unajitembeza mbele ya inchi?" Hiyo njo maneno nilitupia kaka mukubwa ya muke yangu, mutu mwenye hata kula mbele yake naona haya. Na nikaongeza: "Chef, drapeau imetukanwa! Lazima tuanze upya!"

Nikaishusha. Chef akakugeukia, kidole kwa pua yako, anakufundisha kupenda inchi. Mimi nyuma yenu nikafungua, nikageuza, nikafunga, nikapandisha tena. Nyota juu, safi. Na muda wote ule barabara imesimama, inachelewa soko, na kosa ni yako. Mama ya samaki alikuwa anaongea na meno imefungwa, juu hakukuwa na ruhusa ya kutikisika: "Papa toleka, samaki yangu itaoza juu ya kutembea yako!" Na motard moja, mutu ya pikipiki, kule nyuma: "Muzee, ulitaka kubusu drapeau ao nini?" Watu wakacheka na tumbo, uso imekauka.

Ulifungua mdomo. Nikajua nimekwisha. Neno moja tu kutoka kwako, na chef angegeuka kuniuliza. Uliniangalia. Ukafunga mdomo. Ukatoa kofia, ukasema, "Pardon, chef. Nilisahau."

"Kusahau inchi!" chef akasema. "Alors, majani itakukumbusha."

Mpaka saa sita ulikata majani ya poste yote ya polisi. Coupe-coupe, panga ya poste, nilikuletea mimi, na nikakuita "monsieur", kama mutu sijui. Niliketi kwa dirisha, najifanya naandika. Njo nikasikia jirani yako anapita, anakuuliza umefanya nini. Ukamujibu bila kuinua kichwa: "Hakuna. Niko nasaidia bokilo yangu kazi."

Mwezi haukuisha, ukapakia velo juu ya camion ya mizigo, ukaenda Bafwasende. Donc rapport ya mwaka, ripoti ya poste, hukuisikia, na mimi secrétaire, mwandishi ya poste, njo niliiandika. Wacha nikuambie, juu naona hata ile ni deni ya kosa hii.

Niliandika kama polisi imepatanisha mama wawili wenye walipigana juu ya kuku. Kweli, walipatana, juu wote wawili walichoka kunisikia naongea. Niliandika kama malalamiko ya population, ya raia, imepunguka. Imepunguka kweli: ile nguruwe tulikamata kwa soko, tukaifunga ndani ya bureau, ilikula buku ya malalamiko kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa nane. Niliandika kama kila asubuhi tunavusha watoto ya masomo barabara. Hiyo haina uongo, nafanya mimi mwenyewe, na naipenda. Kisha chini kabisa: "Usafi ya poste imefanywa na polisi kwa kushirikiana na population."

Population ni wewe, Bokilo. Peke yako, na kofia yako.

Chef alisoma mbele ya wakubwa wake, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nikaenda nyuma ya poste kuangalia pale ulikata. Majani ilikuwa imeshaota tena.

Ile sifflet, Bokilo, ni ile ile. Ile ya siku binti yetu Béa alizaliwa. Nilikuwa polisi ya wiki mbili, na sauti ya kuamuru bado sina, nina sifflet tu. Uchungu ilishika dada yako, mvua inanyesha, pikipiki hakuna. Ukaleta toleka. Ukamukalisha nyuma, ukamufunga na kikwembe kwa mugongo yako kama mutoto, ukaanza kukanyaga. Mimi nakimbia nyuma na beseni kwa kichwa, napiga sifflet ili watu watoke njiani. Kumbe watu waliona nini? Waliona polisi anakimbiza velo! "Mwizi! Kamateni!" Soko nzima ikatufuata. Moja alishika porte-bagage, pale nyuma ya velo, dada yako akamupiga kofi bila kuacha kulia. Tulifika kwa maternité, nyumba ya kuzalia, na umati kama ya match ya mpira. Mama mwenye kuzalisha akatoka, akauliza, "Papa ya mutoto ni nani?" Wewe, umelowana, pumzi hakuna, ukanyoosha kidole: "Ule mwenye sifflet."

Asubuhi ile niliipiga ili njia ikufungukie. Na kwa drapeau nikaipiga ili watu wakuangalie wewe, mimi nipate kujificha.

Sasa sikia namna tuko. Dada yako ananipikia, ndiyo. Lituma, ndizi ya kutwanga, iko, samaki haiko. Ananiita "Monsieur l'agent", bwana polisi. "Monsieur l'agent, maji yako ya kuoga iko pale." Na bado hajui yote, anafikiri nilikuwa mukali tu. Atajua leo na radio, kama watu wengine. Saa ya kusomwa mimi nitakuwa poste. Nimeona ni vizuri kuwa karibu na polisi.

Chef yeye nimemwambia jana. Akasema, "Donc, mutu mwenye anajua drapeau njo nilimufundisha drapeau, na mwenye haijui njo alishika kamba?" Nikajibu, "Ndiyo, chef." Akatoka nje, akaangalia juu. Sasa anaangalia kila asubuhi.

Na Béa. Bibi-harusi yetu. Familia ya kijana inatoka Isangi na mutumbwi ya moteur, wanafika Siku ya Mungu, Jumapili hii yenye inakuja. Kiti ya noko, mujomba ya bibi-harusi, tumeweka katikati, unajua mwenyewe, noko asipokaa hakuna mwenye ataanza kusema. Nilimwambia Béa pengine tutafute tonton, mujomba mwengine, akae pale. Akaniangalia kama dada yako anavyoangalia. "Papa," akasema, "ule tonton mwengine, yeye pia alibeba mama kwa velo?" Akasema hataolewa mbele ya mutu mwenye amekalia kiti ya noko yake. Haolewi, basi.

Nilikutumia neno na dereva ya camion. Alirudi na jibu yako, anacheka mpaka anashika usukani: "Mwambie bokilo siwezi kutembea. Bado nangoja sifflet ya pili."

Dereva alifikiri ni mzaha. Mimi niliketi chini. Ni kweli. Siku ile nilipiga ya pili, barabara yote ikaondoka, mama ya samaki akaondoka na mutu mwengine ya toleka, na wewe ukabaki umesimama na coupe-coupe. Kwako sikuipiga.

Bokilo, siombi uje kwa arusi juu yangu. Njoo juu ya Béa. Lakini kama unaweza, fika siku moja mbele, Jumamosi, siku ya salongo, usafi ya watu wote. Saa moja na nusu nitapandisha drapeau, nyota juu. Nimeshaonyesha dada yako, ameangalia kamba, sababu sikumwambia. Kisha nitageukia barabara, na mbele ya kuwaachilia watu nitawaambia ni nani aliona na ni nani alijificha. Nitasoma ile mustari ya rapport namna inapaswa kuwa: "Usafi ya poste imefanywa na bokilo ya secrétaire, kwa kosa ya secrétaire." Nitapiga sifflet ya pili, nikikuangalia wewe. Kama hukufika, nitaipiga nikiangalia njia ya Bafwasende.

Na nitashika coupe-coupe, ile ile, nikate majani ya poste yote, kutoka kwa muti ya drapeau mpaka kwa mufereji, mpaka saa sita. Chef amekubali kukuazima kiti yake ukae unaangalia. Watu wakipita wakiniuliza, nimeshajua jibu.

Ni mimi, bokilo yako mwenye alisikia,

Papa Béa