Nimeing'oa Turbo Mbele ya Yaya

Bunia, Jumapili. Mvua imekatika wakati watu wakitoka kanisani, na matope mekundu yamefika hadi mlango wa jikoni.

Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, sitaki kungoja ipoe, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwaandika vizuri watu ambao leo hawastahili kuandikwa vizuri.

Vidole vyangu bado viko na mafuta meusi. Kioo cha simu kinachafuka. Wacha kichafuke.

Wanaonisoma siku zote wanaijua pick-up. Kwa aliyefika leo: ni gari ya marehemu baba, ya Kijapani, imenizidi umri, ina taa za mviringo na uso wa mtu aliyenuna. Baba aliitumia kuteremsha kabichi na viazi kutoka Bule hadi soko la Bunia. Siku tuliyokimbia vita Bule alimweka mama mbele, akatupakia siye nyuma, na majirani, na magodoro, na mbuzi wa mtu ambaye hata hatukumjua. Tulipofika hapa mjini akaiegesha chini ya mti wa avoka, akazima mota, na hakuiwasha tena mpaka alipokufa. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti chake.

Mimi natengeneza jenereta hapa nyumbani, kazi niliyoifunza kwa kumshikia baba vyombo tangu nikiwa mdogo. Mume wangu, Papa Gracia, ni mwalimu. Tunaishi na mama katika parcelle, kiwanja cha wazazi, kwa sababu baba alipokufa mama hakutaka kubaki peke yake, na kaka yetu mkubwa, tunayemwita yaya Dieudo, alisema nyumba yake ni ndogo. Nyumba yake si ndogo. Lakini leo siandiki juu ya nyumba.

Watu wameniuliza sana: kwa nini gari kuukuu kama ile uiwekee turbo? Kila mara nimejibu kwa mzaha kwamba nataka kuyapita malori ya mbao. Si kweli.

Kuna mlima ukitoka Bule. Siku ile, gari ilipofika katikati ya mlima, ilikataa. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikaanza kurudi nyuma na siye wote juu yake. Baba akaomba wanaume washuke wapande kwa miguu. Wa kwanza kuruka chini alikuwa baba mudogo Zabuloni, mdogo wake wa mwisho. Gari ikapata nguvu, ikapanda. Tulipokuwa juu tukasikia risasi nyuma yetu.

Baba mudogo hakufika Bunia.

Tangu siku hiyo sikumsikia baba akisema juu ya gari ile ila neno moja: mota ilikosa pumzi. Alikuwa akilisema peke yake, akiosha uso, akifunga viatu. Mota ilikosa pumzi. Nami nilibaki na neno hilo baada ya kumzika. Sasa turbo ni nini kama si pumzi? Ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa mota yenyewe, ili iisukumie mota hewa kifuani. Nikasema nitaipa pumzi.

Turbo niliipata kwa wauza vyuma, imeng'olewa kwenye minibasi iliyopondeka. Haikukubaliana na mota ya baba hata kidogo. Ilibidi nikate bamba nene la chuma, nitoboe matundu, niunge mabomba ya kupitishia moshi mpaka yakae sawa. Kazi ya kwanza ilipopata moto ilipasuka katikati. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, nikaamka, nikatengeneza nyingine. Nilichomelea siku ambazo umeme ulitaka kuja. Nilifungua pampu ya mazuti, yaani dizeli, nikairekebisha kidogo kidogo. Bodi niliipaka rangi ya kijani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Majirani walisimama kwenye ua wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kuleta viti.

Alhamisi niliwasha. Mota ikashika, na nilipokanyaga mazuti ile feni ikapiga mluzi mwembamba, safi. Nilipiga kelele kama mtu aliyejifungua. Watoto wakaruka. Papa Gracia akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hafanyi kamwe. Mama akachukua kitenge chake akaenda kwa jirani. Nikadhani ni moshi uliomfukuza.

Kazi ilikuwa haijaisha. Bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo lilikuwa la muda tu, mpira wa kawaida niliofunga kwa waya, wakati nangoja mpira unaovumilia moto. Niliwaambia wote wa nyumbani, na yaya Dieudo alikuwepo: isitoke nje ya mlango. Na hata ikikimbia siku moja, usiizime papo hapo, iache ingurume taratibu kwanza, la sivyo oili inaungua ndani ya turbo. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia.

Jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mwenzangu wa sauti ya pili akanipa simu yake, akasema, "Mado, si gari yenu hii?" Nikaangalia. Yaya Dieudo ameketi juu ya capot yangu ya kijani, kifuniko cha mota, miwani myeusi usoni, riboni nyeupe kila upande, na chini ameandika: *Nimeijenga kwa mikono yangu mwenyewe. Mungu ni mwema.*

Mikono yake! Yaya anauza vitenge anavyotoa Kampala. Akipasukiwa na gurudumu anasimama kando ya njia na kuita watu.

Alikuwa ameichukua kwa msafara wa harusi ya rafiki yake. Harusi ikaisha, akapakia marafiki nyuma, wakaenda mpaka Iga Barrière kula nyama ya mbuzi na kuona gari inakimbia namna gani. Ilikimbia, wanasema. Ilikimbia sana. Nilirudi nyumbani nikangoja mlangoni, nikaisikia kabla sijaiona, na ule mluzi haukuwa mluzi tena. Ulikuwa mkwaruzo. Moshi wa buluu ulijaa barabara nzima. Akaingia, akazima papo hapo, akashuka akicheka.

"Mado, hii kitu iko na nguvu, mama yangu!"

Nilikuwa naziangalia riboni. Alizibandika kwa gundi ya karatasi, na alipozivuta zilitoka na rangi.

Nikaingia jikoni. Ufunguo wa gari naufungia kwenye kopo la chumvi, na anayejua ni watu wa nyumba hii tu.

"Nani alimupa ufunguo?"

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho.

"Ni mie."

Akaendelea kuchagua mchele.

Sikulala vizuri. Kwa yaya nilikuwa na hasira ya kawaida, hasira niliyokua nayo, naijua kama kiatu changu. Lakini mama? Mama aliyeniona nimelala chini ya gari ile mgongo ukiwa kwenye matope? Nikajiambia: hivyo ndivyo ilivyo. Ungejenga hata ndege, ufunguo ungepewa mtoto mwanaume.

Leo baada ya ibada yaya alikuja na vijana wenye nguvu. Hakukaa. Alisimama katikati ya ua na viatu vyake vya kanisani akasema anachukua gari kwake.

"Mado, usikasirike. Weye uliolewa. Vitu vya baba ni vya mutoto mwanaume, ni desturi, siye hatukuianzisha."

Nilimwangalia Papa Gracia. Papa Gracia aliangalia viatu vyake. Mwalimu mzima, anayepigia darasa kelele mpaka bati zinatetemeka, leo hakuwa na sauti. Hilo pia naliandika hapa, alisome.

"Sawa, yaya," nikasema. "Ya baba ni ya baba. Lakini ngoja kwanza nitoe yangu."

Nikaleta clé zangu, spana zote, nikatandika gunia chini, nikafungua capot. Bado nilikuwa na gauni la kwaya. Nilitoa mabomba ya hewa. Nilitoa radiateur ya kupoza maji niliyoitia mwenyewe. Bulon, zile skrubu nene za turbo, zilikuwa zimekazwa na moto wa jana, nikazipiga nyundo mpaka zikasikia. Mwanzoni yaya alicheka na wale vijana. Kisha akaacha.

"Uko wazimu? Sasa itatembea namna gani?"

"Kama ilivyotembea wakati wa baba. Rudisha vyuma vya baba, uwashe, uende."

Turbo ikatoka. Nikaishika mkononi, nikagusa feni kwa kidole. Ikayumba. Ikiwa nzima haiyumbi, inazunguka tu, kimya, kama inateleza juu ya maji. Hii iliyumba huku na huku, na mapanga yake yalikuwa yameliwa pembeni. Mpira niliofunga kwa waya ulikuwa umeyeyuka, na oili yote ilikuwa imemwagika njiani kati ya hapa na Iga.

Nikamwinulia. "Uone kazi yako."

"Ni chuma tu, Mado. Chuma inanunuliwa."

Nilitaka kumrushia. Naandika ukweli: mkono ulikwisha kuinuka. Kilichouzuia ni kwamba turbo ile, hata ikiwa maiti, naipenda.

Yaya akawaambia vijana wasukume. Wakasukuma. Gari ikapita kwenye mti wa avoka, ikafika mlangoni, na hapo magurudumu ya mbele yakazama kwenye matope. Wakahesabu, wakasukuma, wakateleza. Yaya akavua koti. Nami nilikaa juu ya gunia nikiangalia, na nakiri nilifurahi.

Ndipo mama akatoka jikoni. Alitembea polepole mpaka mbele ya gari, akasimama kwenye matope na sendo zake, akaweka mkono juu ya capot.

"Dieudo, acha."

"Mama, si weye ulinipa ufunguo?"

"Nilikupa juu nilitaka itoke hapa. Sikukupa juu iwe yako."

Yaya akacheka kidogo, kama mtu ambaye hajaelewa. Mama hakucheka.

"Siku ile weye ulikuwa Kampala. Hukusikia. Mie nilikuwa mbele na baba yenu. Baba yenu mudogo aliposhuka, alipiga mulango wangu na mukono. Akaniambia, muende, mama Dieudo, nitawakuta mbele. Kila mara hii mota inawaka namusikia. Alhamisi nilimusikia. Jana, ulipotoka nayo, nilimusikia mpaka mukafika kwenye kona. Nikasema, asante Mungu, imeenda. Na jioni mukairudisha."

Vijana waliondoa mikono kwenye gari mmoja mmoja, kama chuma kimekuwa moto. Yaya alivua ile miwani. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi na lile gunia langu la vyuma, akaita pikipiki barabarani, akapanda na koti mkononi, akaenda. Samahani haikutoka.

Nami nilifanya nini? Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia mama. Nilimkaripia. Nilisimama mbele yake nikapaza sauti, majirani wakisikia: kwa nini hukuniambia? Miezi yote ile niligonga chuma dirishani kwako, kwa nini hukusema hata mara moja, Mado, acha?

Aliniangalia kama ninavyowaangalia watoto wangu wakiwa na homa.

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Tangu tuzike baba yako sikukuona na furaha. Sasa ningekunyima?"

Jibu hilo ndilo limenikasirisha kuliko yote. Kuliko picha, kuliko riboni, kuliko Iga Barrière. Kwa sababu siwezi kulijibu. Yaya naweza kugombana naye mpaka tuzeeke. Papa Gracia alishakuja na maji ya moto ya kuoga na uso wa mtu anayetaka kusamehewa, na nitamsamehe, ila si leo. Lakini mtu aliyekaa jikoni akimsikia marehemu akipiga mlango, akanyamaza ili binti yake afurahi, nimkasirikie namna gani?

Na bado nimekasirika.

Gari iko pale mlangoni, nusu uani, nusu barabarani. Watu wanapita kwa ubavu wakisalimia. Mama amerudi jikoni, nasikia anaweka sufuria.

Nimefikiri nijipange. Yaya haigusi tena gari ile mpaka aandike pale pale alipoweka picha yake kwamba aliyeijenga ni mdogo wake. Hilo halina mjadala, na akitaka wazee waketi, waketi, nitakuja na gunia langu. Turbo nyingine inaweza kupatikana. Gari naweza kuihamishia kwa fundi mwenzangu upande wa pili wa mji, nimalizie huko, mama asisikie kitu.

Lakini hapo ndipo mawazo yanapokwama. Baba alisema mota ilikosa pumzi, nikaipa pumzi. Nikajiona namfanyia baba haki. Sikujiuliza kama kuna mtu hai, anayelala chumba cha pili, ambaye kwake mota ile ingekuwa bora ikae kimya.

Je, akiniambia ikae kimya, nitaweza?

Sijui. Kwa kweli sijui, na sitajifanya najua ili ukurasa uishe vizuri. Ninachojua ni hiki: kesho asubuhi, kabla sijashika clé yoyote, nitaketi na mama jikoni tuchague mchele. Nitamuuliza anataka nini, kisha nitanyamaza mpaka amalize. Kuuliza naweza. Ni kule kunyamaza ndiko kutanitoa jasho.